Shahada Iliyokatizwa Njiani: Mjadala wa Tunduma Kuhusu Chuo cha Kumalizia

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini vyuo vikuu vilibaki upande wa Mbeya. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kampasi ya Mzumbe, Chuo Kikuu Katoliki na Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji vyote viko huko. Anayeishi Tunduma, mji ambao barabara ya TANZAM na reli ya TAZARA huupitia kuingia Zambia, yuko mbali navyo kilomita mia moja hivi za barabara inayojaa malori usiku na mchana.

Katika mji huu wamo watu wazima wengi walioanza chuo wasikimalize. Mmoja ada ilikatika mwaka wa pili, mwingine alijifungua akakosa wa kumwachia mtoto, mwingine alipata kazi mpakani kabla ya kupata cheti. Wamo pia walimu na wauguzi wenye diploma ambao kazi imewafundisha mengi, lakini shahada hawana. Swali lao ni moja: nimalizie wapi, bila kuacha kazi na bila kutelekeza nyumba?

Nimelipanga swali hilo kama mjadala wa sauti tano. Hazina majina, kwa kuwa kila sauti inabeba hoja za watu wengi. Yupo Wakala wa Forodha aliyeacha chuo baada ya miaka miwili. Yupo Mwalimu wa wilaya ya Momba mwenye diploma, sasa anasoma shahada kwa masafa. Yupo Muuguzi wa kituo cha afya wilayani Mbozi. Yupo Mama Mfanyabiashara, muuza mahindi anayevuka mara kwa mara kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na ambaye binti yake anatafuta chuo. Na yupo Mhadhiri mstaafu aliyehamia Vwawa kulima kahawa. Mimi Mwandishi naongoza mazungumzo, na mwishoni nitatoa uamuzi wangu.

Swali la kwanza: Ulichokwisha kusoma kinahesabika?

WAKALA: Shikamoo mzee. Naomba nianze mimi. Nilisoma miaka miwili ya shahada ya biashara Dar es Salaam. Ada ya mwaka wa tatu ikashindikana, nikarudi nyumbani, nikaingia kwenye kazi za forodha. Leo nina mke na watoto, na ada ninayo. Sikubali kurudishwa mwaka wa kwanza, miaka yangu miwili ihesabiwe kuwa bure. Chuo kitakachonipokea mwaka wa tatu ndicho changu.

MHADHIRI: Marahaba, kijana wangu. Madai yako ni ya haki, lakini yadai kwa hesabu. Katika mfumo wa vyuo vikuu vyetu, krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha darasa, kujisomea, mazoezi na mtihani. Mwaka mmoja una krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ina 360. Kwa makaratasi wewe una 240. Chuo kipya hakitazipokea kwa jumla yake. Kitaziweka kozi zako kando ya kozi zake, moja baada ya nyingine, kitazame ulifundishwa nini, ulipata daraja gani, na ulisoma lini. Tena chuo kinachotia sahihi cheti kitataka sehemu kubwa ya masomo uwe umeyasoma kwake.

WAKALA: Sasa si bora nirudi chuo kile kile?

MHADHIRI: Ndiyo maana nasema anza huko. Waandikie uulize hadhi yako: uliahirisha masomo, ulifutwa kwenye usajili kwa ada, au ulidisko kwa kufeli? Hayo ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina mlango wake. Lipa deni kama lipo, maana bila kumaliza deni ni vigumu kupewa transkripti, na bila transkripti hakuna chuo kingine kitakachokuhesabia hata kozi moja.

MWALIMU: Mimi nilidhani diploma yangu ya ualimu itaniingiza mwaka wa pili. Nikaelezwa kuwa diploma ni sifa ya kuingilia. Mwenye diploma ya ngazi ya sita anatakiwa awe na wastani wa alama wa 3.0, na namba yake ya uhakiki, ile AVN inayotolewa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Baada ya hapo nikauliza kama kuna kozi ninazoweza kusamehewa. Kuuliza ni bure, na jibu linaweza kukupunguzia muhula mzima.

MAMA MFANYABIASHARA: Na binti yangu je? Diploma anayo, lakini wastani wake haufiki hiyo tatu. Ndiyo basi tena?

MHADHIRI: Hapana, mama. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu ya msingi kwa watu kama yeye. Kwa mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, mwenye diploma yenye wastani wa angalau 2.0 anaweza kuisoma programu hiyo, akapata wastani wa 3.0 katika masomo sita ya msingi pamoja na alama C au zaidi katika masomo matatu ya kundi lake, na akaomba shahada kwa sifa hiyo. Kuna pia utaratibu wa kutambua maarifa yaliyopatikana kazini, ambao TCU inausimamia. Mtu hupimwa kwa mtihani aonyeshe anachokijua. Milango ipo, ila kila mlango una kizingiti chake.

MUUGUZI: Mzee, kuna mtu aliyewahi kukatizwa hivi akamalizia pengine, tena akafika mbali?

MHADHIRI: Nelson Mandela. Alisimamishwa Fort Hare mwaka 1940 kabla ya kumaliza. Akaenda Johannesburg, akafanya kazi katika ofisi ya mawakili, na jioni akajisomea kwa ajili ya shahada ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA. Mwaka 1943 akatunukiwa shahada yake ya kwanza. Sisi tujifunze hapa: Fort Hare yenyewe ilikuwa ikiwaandaa wanafunzi wake kwa shahada za UNISA, kwa hiyo alipohama mtaala haukumgeuka. Kadiri chuo kipya kinavyofanana na ulikotoka, ndivyo unavyopoteza kidogo. Aliyesoma miaka miwili ya biashara akihamia sheria, asishangae kuambiwa aanze mwanzo.

Swali la pili: Ratiba ipinde wapi, na isipinde wapi?

MWANDISHI: Tuseme sifa unazo na krediti zimehesabiwa. Sasa tuzungumzie muda. Wapo wanaosema masomo ya jioni Mbeya yanatosha.

WAKALA: Nilikwisha kulifikiria hilo. Kazi yetu haina saa ya kufunga. Gari likiwa kwenye foleni na nyaraka zina kasoro, mwenye mzigo anakupigia hata saa sita usiku. Hata ningetoka saa nane mchana, kosta ya kwenda Mbeya inasimama Mpemba, Vwawa na Mlowo, kisha inakutana na malori ya mizigo kule mlimani. Nikimaliza kipindi saa mbili usiku, narudi na nini? Serikali imeanza kuipanua barabara ya Igawa hadi Tunduma, kilomita 218, lakini mtihani wangu hautaisubiri lami.

MWALIMU: Ndiyo sababu mimi nilichagua Chuo Kikuu Huria. Kilianzishwa kwa sheria ya Bunge namba 17 ya mwaka 1992, wanafunzi wa kwanza wakaanza mwaka 1994, na tangu mwanzo kilikusudiwa watu wenye kazi na familia. Nachukua kozi chache kila muhula, kwa kadiri ya nguvu na mfuko wangu. Naamka saa kumi alfajiri nasoma mpaka saa kumi na mbili, kisha naandaa watoto naenda shuleni. Mtihani naufanyia kwenye kituo cha chuo. Mwaka ambao mama yangu aliugua nilipunguza kozi, na hakuna aliyenifukuza.

MHADHIRI: Anachokisema mwalimu ni kipana kuliko Songwe. Uingereza walikipa hati Chuo Kikuu Huria chao mwaka 1969 kwa ajili ya watu wa aina hii, na Kenya wakakipa hati cha kwao mwaka 2023. UNISA wanafundisha kwa masafa tangu mwaka 1946. Njia hii imekomaa, na anayeidharau hajaichunguza.

MUUGUZI: Naiheshimu, mzee, lakini naomba tusiisifu kupita kiasi. Mimi nataka shahada ya uuguzi. Siwezi kujifunza kumhudumia mama mwenye kifafa cha mimba kwa kusoma kurasa peke yangu. Nahitaji wodi, nahitaji mkufunzi amesimama pembeni anatazama mikono yangu. Chuo kikiniambia nitasoma uuguzi wote nikiwa nyumbani Mlowo, nitakiogopa. Kwa fani yangu njia salama ni kuomba ruhusa ya masomo, niingie kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, niende chuo chenye hospitali.

WAKALA: Dada, hiyo ruhusa unaweza kuisubiri miaka.

MUUGUZI: Nitaisubiri, na nikisubiri nitakuwa nasoma kozi fupi. Mgonjwa hataniuliza nilimaliza kwa haraka kiasi gani.

MWALIMU: Nakubali kwa uuguzi, na kwa uhandisi, na kwa kila kitu chenye maabara nzito. Lakini muuguzi, wewe mwenyewe ukitaka kesho kusimamia kituo, kuna masomo ya utawala na ya maendeleo ya jamii ambayo kitabu, mwongozo na mjadala vinatosha. Tutenganishe fani. Swali la chuo kipi linatanguliwa na swali la fani ipi.

MHADHIRI: Naongeza jambo la historia. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana Musoma, ikaamua kuwa kijana akimaliza kidato cha sita aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, ndipo aombe chuo kikuu akiwa na pendekezo kutoka kazini. Kwa hiyo katika nchi hii mwanafunzi mtu mzima, mwenye kazi na familia, alikuwa ndiye mwanafunzi wa kawaida. Anayewaambia leo kuwa umri wenu umepita hajui tulikotoka.

MWALIMU: Mzee, malizia na upande wa pili wa historia hiyo. Idadi ya wanawake chuo kikuu ilishuka, kwa sababu miaka ile ya kusubiri ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Ikabidi baada ya muda mfupi wasichana waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Somo ninalolipata ni kwamba ratiba isiyotazama maisha ya mwanamke inamfungia nje hata kama sheria inamkaribisha. Kwa mwanamke wa Chitete au Kamsamba, chuo kinachomfuata kwake ni haki yake.

MHADHIRI: Umenijazia, mwalimu. Nakubali.

MAMA MFANYABIASHARA: Lakini mwanangu mwalimu, sema na ugumu wake. Mimi nimewaona walioanza hiyo masafa wakaishia njiani.

MWALIMU: Ugumu ni upweke, mama. Hakuna kengele, hakuna mwenzako wa dawati, na hakuna anayekuuliza jana ulisoma ukurasa gani. Ukikosa wiki mbili unakosa mwezi, ukikosa mwezi unaona aibu kurudi. Kuna pia bando, na hapa mpakani simu ikishika mtandao wa Zambia, somo lenyewe linakatika. Kilichoniokoa ni kikundi. Tuko walimu na watendaji wa kata, tunakutana Jumamosi, kila mmoja anafundisha mada aliyopewa. Anayetaka masafa bila kikundi, namshauri aunde kikundi kwanza ndipo ajisajili.

Swali la tatu: Cheti kitapokelewa na nani?

MAMA MFANYABIASHARA: Mimi navuka Nakonde kila wiki. Kule nako kuna vyuo, na wapo watoto wa Tunduma wanaokwenda kusoma Zambia. Kwani kuna ubaya gani binti yangu akijiunga upande ule?

MHADHIRI: Hakuna ubaya, mama, ila kuna hatua. Shahada ya nje ikiletwa Tanzania hupelekwa TCU itambuliwe, ndipo mwajiri wa serikali aifanyie kazi. Kwa hiyo hakikisha kwanza kuwa chuo hicho kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya Zambia yenyewe, na kuwa programu anayoitaka imesajiliwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijitangaza mwaka 2017 kuwa eneo moja la elimu ya juu, lakini Zambia haimo katika jumuiya hiyo. Tuko nayo SADC. Na ada utailipa kwa kwacha, nawe unajua kuliko sisi jinsi kwacha inavyopanda na kushuka.

WAKALA: Tuseme ukweli wote. Mimi nimetumiwa ujumbe kwenye simu: shahada ndani ya miezi sita, uzoefu wako wa kazi unahesabiwa, cheti kinaletwa mlangoni. Nimeshawishika, sifichi.

MHADHIRI: Piga hesabu, kijana wangu. Krediti 360 kwa saa kumi kila moja ni saa 3,600. Miezi sita ni siku 180. Gawanya: saa 20 kila siku, bila Jumapili, bila kwenda kazini, bila mtoto kuugua. Nani anaweza? Anayekuahidi hivyo anauza karatasi.

WAKALA: Na mimi mwenye krediti 240?

MHADHIRI: Ukihesabiwa zote, na huenda usihesabiwe zote, zimebaki 120, yaani saa 1,200. Ukijipa saa 15 kila wiki, ni wiki 80. Hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa kusoma alfajiri na mwisho wa wiki. Hesabu hiyo ndiyo ya kumwonyesha mkeo, ili mpange nyumba kwa pamoja.

MUUGUZI: Kaka, ukumbuke mwaka 2017. Mwezi Aprili Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti, watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi. Kazi ikaisha siku moja.

MWALIMU: Na mwezi Julai mwaka huo huo TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na programu 75 katika vyuo vingine 22. Tofautisha mambo mawili hayo. Wale wa kwanza walidanganya. Hawa wa pili ni vyuo halali vilivyoambiwa virekebishe kasoro. Lakini mwanafunzi aliyekuwa anajiandaa kujiunga alibaki na fomu mkononi. Kwa hiyo jina la chuo peke yake halitoshi. Fungua mwongozo wa udahili wa mwaka huo, utafute chuo, kisha utafute programu yenyewe ndani ya chuo hicho. Usipoiona, usilipe.

MAMA MFANYABIASHARA: Kwetu tunasema rahisi huvunja upishi.

Swali la nne: Fedha, na je, inalipa?

MWANDISHI: Mama ndiye anayejua thamani ya shilingi. Aanze yeye.

MAMA MFANYABIASHARA: Nauliza kama mzazi na kama mfanyabiashara. Nikitoa fedha ya magunia ya mahindi nikampa chuo, nitarudishiwa nini? Nawaona vijana wenye shahada wanabadilisha fedha pale mpakani, na nawaona walioishia darasa la saba wana magari.

WAKALA: Mama, mimi nimekwama mahali. Ili nifanye uwakala nilihitaji cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, ninacho. Shahada haitakichukulia nafasi hicho. Lakini nafasi za afisa forodha Mamlaka ya Mapato zikitangazwa, wanataka shahada. Kampuni kubwa za usafirishaji zikitafuta meneja wa kituo, zinataka shahada. Nimemfundisha kazi kijana aliyekuja na shahada, mwaka uliofuata akawa bosi wangu. Ninachokitafuta najua kinaitwaje.

MWALIMU: Kwetu walimu hesabu iko wazi kidogo. Katika ngazi za mshahara, mwenye diploma anaanzia TGTS C, mwenye shahada anaanzia TGTS D. Lakini nawaambia walimu wenzangu: cheti hakibadilishi mshahara siku unapokitoa kwenye bahasha. Kuna ruhusa ya mwajiri, kuna ikama, kuna bajeti. Chukua barua ya ruhusa kabla ya kuanza, na usome shahada inayolingana na kazi yako kama unataka kubadilishiwa muundo. Mwalimu wa hisabati akileta shahada isiyohusiana na anachofundisha, asimlaumu afisa utumishi.

MUUGUZI: Na mkopo?

MHADHIRI: Miongozo ya Bodi ya Mikopo imekuwa ikitaka mwombaji asizidi umri wa miaka 35 na asiwe na ajira inayompa kipato. Wengi wenu hapa mmetoka nje ya mstari huo, kwa umri au kwa mshahara. Basi jipangeni kwa fedha yenu. Hapo ndipo chuo kinachotoza kwa kozi kinapomfaa mtu wa kipato cha msimu. Mkulima wa kahawa wa Mbozi anapata fedha akiuza, mfanyabiashara wa mahindi anapata baada ya mavuno. Anayelazimishwa kulipa ada ya mwaka mzima Oktoba atakopa kwa riba, na riba itamfukuza chuo kuliko mtihani.

MAMA MFANYABIASHARA: Hapo umenigusa, mzee. Mimi huwa najumlisha vyote. Ada ni moja, lakini ongeza nauli, chumba, chakula, bando, kuchapa kazi, na kipato kinachopotea siku usiyofungua duka. Binti yangu akienda kupanga Mbeya miaka mitatu, chumba na chakula vitaizidi ada.

MUUGUZI: Basi mama, swali lako la kama inalipa linategemea mtu amelenga nini. Asiye na lengo asianze kwa sababu ya jina. Mwenye lengo asiogope mwaka mmoja na nusu, kwa maana mwaka huo na nusu utapita hata asiposoma.

MAMA MFANYABIASHARA: Kwa hilo nimekubali. Nitamlipia, ila anionyeshe kwanza kwenye karatasi anataka kuwa nani.

Uamuzi wa Mwandishi

Nimezisikiliza sauti zote, na sitajificha nyuma yake. Chuo kinachofaa kumalizia shahada ni kile kinacholegeza muda na mahali, lakini kinashikilia kiwango bila kulegeza. Kikilegeza vyote viwili, kimekuuzia hasara. Kikikaza vyote viwili, kimewafungia nje watu wa Momba, Ileje na Tunduma kwa kosa la kuishi mbali na kuwa na familia.

Kwa aliyekatizwa katikati, mlango wa kwanza wa kubisha ni ule alikotoka, kwa kuwa huko ndiko krediti zake zina thamani kubwa zaidi. Kama kurudi hakuwezekani, aende chuo chenye programu inayofanana na ya zamani. Kwa mwalimu, mtendaji, wakala, mfanyabiashara na kila mwenye fani isiyodai maabara, naona Chuo Kikuu Huria ndicho cha kutazamwa kwanza katika mkoa wetu, kwa sharti la kikundi cha kusomea. Kwa muuguzi, tabibu na mhandisi, ruhusa ya masomo na chuo chenye hospitali au karakana ndiyo njia, hata kama ni ndefu. Masomo ya jioni Mbeya yaachiwe wanaoishi Mbeya na Mbalizi. Na Zambia ni chaguo la heshima kwa aliyekwisha kuuliza TCU kabla ya kuvuka.

Nina ombi kwa vyuo. Wekeni wazi, kwa Kiswahili, kozi zipi mnazihesabu kutoka chuo gani, na kwa masharti gani. Mtu mzima anayeomba kuendelea anastahili jibu la maandishi kabla ya kulipa hata shilingi. Nina ombi pia kwa halmashauri za mkoa wa Songwe: tengeni chumba chenye umeme, meza na intaneti, kibaki wazi jioni na Jumamosi, hapo Tunduma, Vwawa, Itumba na Mkwajuni. Gharama yake ni ndogo, na wanaokihitaji ni watumishi wenu wenyewe.

Nawe msomaji uliyeacha chuo miaka iliyopita na bado unaitunza ile fomu ya matokeo kwenye sanduku, itoe. Wiki hii andika barua kwa chuo chako cha zamani uombe transkripti na maelezo ya hadhi yako. Fungua mwongozo wa TCU utazame programu unayoitaka. Kisha kaa na mwenzi wako na mwajiri wako mpige hesabu ya saa na ya fedha. Ukiwa na majibu hayo matatu mkononi, jisajili.